Namba Mia za Abasi

Abasi alikuwa na mdomo wa kumchekesha maiti mpaka maiti aombe radhi kwa wafiwa. Vijana waandika programu wa Morogoro walipompa kazi ya kuandaa mkutano wao wa wikiendi, hawakuangalia bidii yake. Walimpa kwa sababu hakuna aliyeweza kubishana naye akashinda. Na kweli aliandaa: ukumbi wa Mzee Mansuri kule Mafiga, viti, projekta ya kuazima, na sufuria la pilau.

Alhamisi akaandika programu ndogo ya kuwatumia wanachama meseji za kuthibitisha ada. Kuijaribu kulitaka namba za simu, naye hakutaka kusumbua watu, kwa hiyo akazibuni. Akachukua namba yake mwenyewe, akaongeza moja, akaongeza moja tena, mpaka zikatimia mia. Alidhani programu itaishia kuzionyesha kwenye kioo. Programu ikazitumia meseji kweli. Watu mia moja asiowajua hata kwa sura wakaambiwa kwamba shilingi elfu kumi na tano zao zimepokelewa, asante sana, tukutane Jumamosi saa nne, Ukumbi wa Mansuri, Mafiga.

Matusi yalianza kuingia kabla ya magharibi. Wengine waliandika kistaarabu kabisa kwamba watamchinja. Abasi akacheka, akazima sauti ya simu. Mwizi gani, alijiambia, anampa anwani mtu aliyemwibia? Mwenye akili ataelewa. Hakumwambia mwenzake yeyote. Zile namba zilikuwa ajali. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa.

Ni kweli salio la wale watu halikuguswa. Lakini nani mjini hapa hajawahi kulizwa na tapeli wa simu? Miaka yote matapeli hawakuwa na sura wala makazi. Sasa mmoja wao ametaja mpaka mtaa.

Jumamosi hiyo Jackson, mwanafunzi wa chuo aliyetoka Mbeya, alisimama mbele ya ukumbi na shati lake lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata kama wembe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufundisha mbele za watu, na Abasi ndiye aliyempa programu ya kuelezea. Orodha ya namba ilikuwa ukutani nyuma yake, kubwa kama tangazo la mgombea. Abasi mwenyewe alikuwa mlangoni mwa jikoni akionja pilau kwa niaba ya kamati.

Saa nne na nusu mlango wa mbele uling'oka na bawaba zake.

Waliingia kama ishirini, wana mipini ya majembe, na mmoja ana nondo. Aliyewatangulia ni Amosi, mchuuzi wa vitunguu wa Dumila. Yeye wiki hiyo alikuwa ameibiwa kwa simu fedha zote za mzigo, na jirani yake ndiye aliyemwonyesha meseji yenye anwani. Akazitazama namba ukutani. Akamtazama Jackson aliyesimama chini ya orodha hiyo. Hakuuliza kitu.

Pigo la kwanza lilimpata Jackson begani. La pili likampata mdomoni, na shati jeupe likabadilika rangi. Wanachama thelathini, waliokuwa wamebishana nusu saa nzima lugha gani ya kompyuta ni bora, wakakubaliana kwa mara ya kwanza: dirisha. Viti vilivunjwa, projekta ikakanyagwa kama jongoo. La tatu lilimlaza Jackson sakafuni. Nje mtu mmoja alishauri, bila hata kupandisha sauti, kwamba pikipiki yake ina petroli.

Abasi alishafika kizingiti cha nyuma, kijiko kingali mkononi. Uchochoro ulikuwa mweupe mbele yake. Ndipo likashuka la nne, na akamsikia Jackson akiuliza, taratibu, kama anayeuliza njia, amefanya nini.

Akarudi. Akapanda juu ya meza.

"Aliyetuma ni mimi," akasema. "Namba yangu inaishia mia nne na moja. Nilikuwa najaribu programu, nikahesabu kwenda mbele. Mia nne na mbili yupo hapa?"

Nondo ilimpiga mguuni, akaanguka chini kama gunia. Akaendelea kuhesabu akiwa magotini, damu ikimjaa kiatuni. Alipofika mia nne na saba, mama mmoja muuza ndizi wa Mlali, aliyeitwa Chausiku, akashusha mpini wake akasema hiyo ni yake.

"Shikamoo, mama. Mia nne na nane?"

Kisha yule mwenye nondo akakohoa. "Mimi."

Wakatazamana, yeye na Bi Chausiku, watu ambao hawajawahi kukutana hata sokoni. Mia nne na kumi na mbili akajitokeza, na kumi na tano, na kumi na tisa. Mipini ikaanza kuteremka mmoja mmoja. Yule wa petroli alikumbuka ana abiria anamsubiri.

Amosi peke yake hakushusha wake. Alitaja namba yake yote, tarakimu kwa tarakimu.

"Haimo, kaka," Abasi akasema. "Haiko hata karibu."

"Haimo. Basi hela yangu kachukua nani?"

Abasi akainua mkono kujikinga. Mpini ukashuka. Mkono wake wa kulia ulilia kama muwa unaovunjwa gotini, na Amosi akainua tena, akilia machozi waziwazi, mpaka yule wa nondo alipomkumbatia kwa nyuma akamtoa nje.

Bi Chausiku alichana khanga yake akaufunga ule mkono. Abasi akajikokota kwa makalio mpaka alipokuwa Jackson, ameegemea ukuta. Alitafuta mzaha, hata mdogo tu, hakuupata.

"Nisamehe, mwanangu."

Jackson alitema jino kiganjani, akaligeuza, akalitazama kwanza.

"Na mimi nilikuwa nahesabu," akasema. "Mapigo yalikuwa manne. La kwanza mpaka la nne, ulikuwa wapi?"

"Jikoni," Abasi akajibu.