Bei ya Sahani kwa Mama Bahati

Kampuni ya malori ilipomhamishia Shafi Lubumbashi, jambo la kwanza kumshinda halikuwa Kifaransa wala baridi ya mwezi wa sita. Lilikuwa chakula cha mchana.

Wiki ya kwanza aliingia mgahawa mmoja wa katikati ya mji, wenye vitambaa vyeupe mezani na menyu ya Kifaransa kitupu. Hakuelewa hata neno moja, kwa hiyo akaweka kidole kwenye chakula chenye bei ndogo kuliko vyote. Akaletewa karoti zilizokwaruzwa, majani ya saladi na nusu ya yai. Bili ikaja kwa dola. Shafi akaigeuza kichwani kuwa shilingi, akaona kwamba kwao Tanga fedha ile ingelisha nyumba nzima, akarudi ofisini na njaa yake ileile.

Kesho yake akaenda upande wa pili kabisa, kwenye kibanda cha bei ya chini kilichokuwa karibu na sokoni. Pale alishiba. Ila siku mbili zilizofuata hakwenda kazini.

Aliyemwokoa ni Ngalula, dada mmoja mwenye asili ya Kasai aliyekuwa na ofisi ya jirani, ya kushughulikia karatasi za forodha. Alicheka mpaka akafuta machozi aliposikia habari ya nusu ya yai.

"Shafi, weye uko nakula franga, haina chakula," alimwambia, yaani anakula pesa, si chakula. "Usiangalie meza. Angalia bantu. Pale utaona chauffeur wa taxi na directeur banakula pamoja, ingia. Na kama banakuambia bei ya dola mbele ya franga, kimbia."

Shafi akashika somo: aangalie watu, asiangalie meza. Taratibu akapata mahali pa maharage na samaki kule Makomeno alikopanga, akapata na jamaa mmoja wa michopo, mbuzi wa kuchoma anayekatwa mbele ya macho yako. Akaanza hata kujiona mjuzi. Lakini Ngalula kila mara alikuwa akimwambia kwamba bado hajakula.

"Siku utaenda kwa Mama Bahati, mu Kampemba, njo utajua. Ni mama wa Maniema, muislamu kama weye, utakula bila mashaka. Portail ya bleu, nyuma ya muskiti. Hautapotea, utaona bantu."

Kampemba ilikuwa mbali na ofisi, na Shafi alikuwa akiiahirisha safari hiyo wiki baada ya wiki. Mpaka alipokuja shangazi yake.

Shangazi Mwantumu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameendesha mgahawa Ngamiani, Tanga, tangu Shafi akiwa mtoto, na ndiye aliyemlea kwa chapati na mchuzi wa mgahawa huohuo. Sasa alikuwa amewaachia wanawe jiko, yeye akafanya biashara ya vitenge. Alishuka basi la kutoka mpakani akiwa na mabegi mawili, na kabla hata ya kuuliza hali ya mpwa wake akauliza, "Hapa watu wanakula nini?"

Siku tatu mfululizo Shafi alimpeleka kwenye migahawa yake, na siku tatu mfululizo shangazi alikunja uso. Samaki wale wamekaa kwenye barafu mpaka wamesahau bahari. Michopo ile ni ya mtu mwenye meno ya fisi. Na kila bili ilipokuja, yeye ndiye aliyeipokea, akaisoma, akamwita mwenye mgahawa na kumweleza kitunguu kinauzwaje sokoni. Shafi alikuwa akitoka mle ndani ameinamisha kichwa.

Jumamosi akaamua kutoa karata yake ya mwisho. "Leo twende Kampemba, shangazi. Huko usipopapenda, nitakupikia mwenyewe."

Shangazi akavaa dera lake la zambarau na ushungi wa kung'aa, maana alisema hata akienda kula anapenda aonekane ametoka kwao. Shafi naye akavaa kofia na shati jeupe. Wakachukua teksi.

Walipouona msikiti wakashuka, wakazunguka nyuma. Geti la buluu lilikuwa wazi. Ndani ya ua mlikuwa na maturubai mawili, viti vyekundu vya plastiki vilivyopangwa safu kwa safu, muziki, moshi wa kuni, na watu wamejaa pomoni.

"Haya," alisema Shafi kwa fahari. "Angalia bantu."

Shangazi alisimama mlangoni akiwa amejishika kiuno. Wanawake kama kumi walikuwa wakipita na masinia, wote wamevaa kitenge cha rangi moja, kijani na dhahabu.

"Hata wahudumu wana sare," alisema. "Hapa pana mpango."

Msichana mmoja akawafuata na birika la kunawa. "Karibuni, mama. Munatoka wapi?"

"Tanga, mwanangu. Mbali sana."

"Tanga!" Msichana akageuka na kupaza sauti. "Bageni ba mbali banafika!"

Mara hiyo watu wawili wakanyanyuka kuwapisha, wakawaketisha safu ya mbele kabisa, kwenye viti vyenye mito. Mzee mmoja akaja kuwapa mkono. Shangazi Mwantumu akamtazama mpwa wake kwa macho mapya.

"Hapa wanajua kumheshimu mteja. Kwa nini ulinizungusha siku tatu zote zile?"

Chakula kikaja bila wao kuagiza. Kwanza pilau iliyochambuka na mnofu wa mbuzi laini. Kisha bukari, ule ugali wa Katanga, mweupe na wa moto, pamoja na sombe iliyopikwa kwa mawese na karanga. Shangazi alimega, akachovya, akatia kinywani. Sombe ile ni kisamvu cha kwao, ila kwao hutiwa nazi. Shafi akasubiri hukumu. Hukumu haikuja. Shangazi alikula, akamaliza, akalamba kidole gumba, akasogeza sahani mbele aongezwe.

Hapo ndipo Shafi alipoanza kuingiwa na wasiwasi. Chakula kitamu namna ile, viti vyenye mito, muziki, na hakuna aliyetaja bei. Msichana wa birika alipopita tena, akamnong'oneza, "Samahani, dada. Sahani hii bei gani?"

Msichana akaangua kicheko. "Bei? Papa, weye kula tu!"

Wasiwasi wake ukazidi. Mahali pasipotajwa bei mapema, bei yake huwa ya kutisha. Akaanza kufikiria fedha alizokuwa nazo mfukoni, akaikataa soda ya pili.

"Kunywa," shangazi alimwambia. "Usiniaibishe."

Muziki ukazimwa. Mzee mmoja mwembamba mwenye kanzu na koti, ambaye watu walimwita Papa Yuma, akasimama katikati ya ua na maikrofoni mkononi. Akaugeukia upande ule walikoketi Shafi na shangazi yake, akatabasamu.

"Sasa, bageni betu, munakula, munashiba. Tuko na furaha. Lakini facture yenu iko hapa."

Shafi alilijua neno hilo vizuri. Kutwa nzima kazini alishika facture za mizigo. Ni bili. Akamnong'oneza shangazi, "Bili imekuja."

"Wanaitangaza kwa kipaza sauti?" Shangazi alishtuka kidogo, kisha akajiweka sawa kitini. "Vizuri. Na wote wasikie."

"Ya kwanza," Papa Yuma alisema, "mbuzi tatu, bazima, banono."

Shangazi Mwantumu akasimama.

"Mbuzi watatu?" Sauti yake haikuhitaji maikrofoni. "Baba, mimi na kijana wangu tumekula vipande vinne vya nyama. Vinne! Mbuzi watatu tumewaweka wapi?"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Wanaume waliokaa nyuma yao wakapiga makofi, na mmoja wao akasema kwa sauti, "Njo vile, mama! Sema!" Shafi akageuka kumtazama, hakuelewa mtu huyo anawaunga mkono kwa nini, akadhani labda naye ni mteja anayesubiri bili yake.

Papa Yuma alionekana kufurahia. "Mama, mbuzi tatu haina mingi. Na bilangeti mbili. Na costume ya baba. Na bikwembe sita ya mama."

"Suti? Vitenge sita?" Shangazi alisogea mbele hatua mbili. "Nimeendesha mgahawa Tanga tangu hujapata mvi. Sijawahi kumtoza mteja suti. Pilau yenu ni tamu, nakubali mbele ya watu. Sombe yenu sijawahi kuonja mfano wake. Lakini bei hii ni ya wizi!"

Watu walikuwa wakishikana mabega kwa kucheka. Papa Yuma akainua mkono watulie.

"Mama wa Tanga, sikiliza. Yetu haina kintu cha kuuzwa ku soko. Tulimulea sisi wenyewe. Hakulala njaa hata siku moja. Tulimusomesha mpaka ku université!"

Shangazi alimkodolea macho.

"Mbuzi?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha kelele hata kuku wa jirani wakaruka. Mzee mmoja alianguka na kiti chake. Papa Yuma mwenyewe akashusha maikrofoni na kujifuta macho kwa mkono wa kanzu. Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mama mmoja wa makamo, na yeye amevaa kitenge cha kijani na dhahabu, unga bado umemganda kwenye kiwiko. Akamsogelea shangazi taratibu.

"Mama, aksanti kwa kutuchekesha. Lakini mi niliuliza Yuma, niliuliza baba wa bwana, hakuna mutu anakujua. Uko wa upande gani?"

"Upande gani tena? Mimi ni mteja."

"Muteja?" Yule mama akaweka mkono kifuani. "Mama, restaurant inafungwa leo. Hii iko dot ya mutoto wangu, Bahati."

"Doti ya nini?" aliuliza shangazi. "Doti ya kanga?"

Lakini Shafi alikuwa ameshalielewa neno. Katika mji huu dot ni mahari. Sare, viti vya mbele, wageni wa mbali, mbuzi watatu wazima: vyote vikajipanga kichwani mwake mara moja, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimshika shangazi mkono, akamweleza sikioni kwa maneno machache.

Shangazi Mwantumu akajitanda ushungi wake vizuri, akamgeukia yule mama.

"Mama Bahati, tumeingia kwako bila kualikwa, tumekula chakula cha harusi, na nimemwita binti yako mbuzi. Nisamehe."

Akainama, akafungua begi lake la mkononi, akatoa kanga mpya nyekundu na nyeupe, zingali zimekunjwa pamoja, alizokuwa akitembea nazo kwa safari. "Kwetu hii ndiyo doti. Mpe bibi harusi. Akipata mtoto, ambebee."

Mama Bahati alizipokea kwa mikono miwili. Halafu akapiga kigelegele, na wanawake wote wa kijani na dhahabu wakaitikia.

Shafi alidhani sasa wataondoka. Lakini yule aliyekuwa akipiga makofi nyuma yao akasimama. Kumbe alikuwa mjomba wa bwana harusi, na safu zile za mbele zilikuwa za upande wao.

"Papa Yuma," alisema, "huyu mama hatumuachie. Tangu asubuhi tulikuwa natafuta mutu wa kutusemea, na hakuna mwenye mudomo kama hii. Mumupatie kiti upande wetu!"

"Akibaki upande wenu atatumaliza," alijibu Papa Yuma. "Basi, kwa heshima ya mama wa Tanga, mbuzi iwe mbili."

"Na suti?" aliuliza shangazi, akiwa tayari ameshaketi.

Jua lilipopungua ukali walikuwa wamekubaliana. Bahati alitolewa nje, msichana mrefu mwenye miwani, na kanga za Tanga zimetupwa begani juu ya gauni lake. Alipofika mbele ya Shangazi Mwantumu alijikaza, akashindwa, akacheka, akamkumbatia.

Baadaye Shafi alimkuta shangazi jikoni, ameketi kwenye kigoda karibu na Mama Bahati, wanaonjeshana mabaki ya sombe kwenye sufuria kama watu waliosoma pamoja.

"Siku za kawaida, sahani unauza bei gani?" shangazi aliuliza.

"Elfu tano ya franga. Bukari, sombe, na nyama."

"Na nyama!" Shangazi aliweka mwiko chini. "Mwanangu, unajidhulumu. Mchana kutwa juu ya moto, karanga unatwanga mwenyewe. Ungekuwa Ngamiani ningekugombeza."

"Nikiongeza, batakimbia."

"Hawakimbii. Mimi nimekula mahali pengi. Kwa chakula hiki mtu atalipa, atanung'unika, na kesho atarudi."

Shangazi aliondoka Jumanne na vitenge vyake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na lawama juu ya chakula cha watu. Alhamisi yake Shafi na Ngalula wakaenda Kampemba, naye Ngalula akasema zamu ya kulipa ni yake. Geti la buluu lilikuwa wazi, viti vyekundu vya siku ile vimebaki saba tu, na msichana wa birika akawapokea kwa kicheko alichokuwa ameshindwa kukizuia tangu getini. Wakala bukari na sombe. Ngalula akafumba macho kwa utamu.

Kisha bili ikaja, na Ngalula akafumbua macho.

"Elfu saba? Mama Bahati, miaka yote iko elfu tano! Nani anakupatia mawazo hii?"

Mama Bahati akamtazama Shafi, Shafi akatazama sahani yake. Ngalula akawaangalia wote wawili, akanung'unika kwa Kiluba maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa, akalipa.

Ijumaa Ngalula ndiye aliyempigia Shafi simu, saa sita kasorobo, kuuliza kama wanaenda Kampemba kabla sombe haijaisha.