Shubaka la Mama Mkwe

"Basi nirudisheni Nateete!" mama mkwe alimfokea mume wangu. "Nyumba isiyo na shubaka silali mimi."

"Mama, ile nyumba ya Nateete inavunjwa," Maftah alijibu. "Na nimeshakwambia nitakununulia kabati."

Tulikuwa Kyebando, ndani ya chumba tunachomjengea, kuta zimefika begani. Fundi Okwera alisimama na mwiko mkononi, akitutazama kama watu wa sinema.

"Shubaka ndiyo nini?" aliuliza.

"Kishimo ndani ya ukuta," nilimwambia. "Hakitokei upande wa pili. Unaweka taa, msahafu, vitu vidogo vyako."

Maftah hufundisha Kiarabu madrasa. Neno halimpiti hivi hivi. "Asili yake shubbak, yaani dirisha. Mama anataka dirisha lisiloona nje!"

"Kwa Waarabu ni dirisha," alisema mama mkwe. "Wazee wangu walikuja nalo kutoka pwani likiwa limeshazibwa nje. Kwani unataka wapita njia waone marashi yangu?"

Okwera alicheka. Maftah hakucheka. "Kabati lina kufuli, Mama."

"Kufuli! Wajukuu wataomba ufunguo kutwa. Kwetu shubaka la mtu halitiwi mkono na mwingine, hata mume. Nimeishi na mawifi, nimeishi na watoto, na pangu palikuwa hapo tu. Sasa nahamia kwa mke wako. Sahani zake, viti vyake, mlango wake."

Aliyasema hayo akinitazama usoni. Nilipenda hivyo. Mtu akiniambia kweli waziwazi, najua la kufanya.

Nina stashahada ya ujenzi. Ukuta ule ulikuwa na unene wa matofali mawili, na shubaka huachwa ukuta unapopanda. Ukishakauka, ni kubomoa.

"Okwera, toa matofali ya ndani hapa. Ya nje yabaki."

"Madamu, hii nimejenga saa hii tu!"

"Ndiyo maana tunatoa sasa. Simenti bado mbichi."

"Na mimi sisikilizwi?" Maftah aliuliza.

"Umesikilizwa. Umetueleza asili ya neno, ahsante. Mama, kimo gani?"

Mama mkwe alisogea, akaweka kiganja ukutani, usawa wa kifua chake. "Hapa. Nisichuchumie."

Nilimpokonya Okwera mwiko, nikang'oa tofali la kwanza, nikampa Maftah alishike.