Kilichotoka Kwenye Rejeta

Jumanne, saa tatu asubuhi, gari liliingia gereji likivutwa kwa kamba. Mzee alikuwa kwenye usukani, kifua mbele, kana kwamba yeye ndiye anayevuta. Mkewe, muuguzi mstaafu, alikaa kando yake, mfuko wa nguo za mtoto mchanga mapajani. Binti yao, ng'ambo ya mlima, siku zake za kujifungua zilikuwa zimetimia, na kwenye simu aliomba jambo moja tu: "Mama, uwepo."

"Linachemsha," mzee alisema. "Miaka kumi na tisa sasa. Gari sugu hili."

Fundi, ambaye watu walimwita Rejeta hadi jina lake likasahaulika, alifungua boneti akakuta thamostati, kile kidhibiti cha joto la maji, haipo. Fundi mmoja aliyetangulia aliona gari linachemsha, akaing'oa, akaitupa, akajisifu.

"Mama, maji yanapita mbio tu," alimwambia muuguzi. "Hayapewi nafasi ya kupoa."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa. Ndiyo ilikuwa kawaida yake, kuitikia kwa kichwa.

Rejeta aliweka ndoo chini, akafungua kizibo cha rejeta. Yalitoka maji ya kutu, kisha mvuke, ingawa injini ilikuwa baridi. Mvuke ulikuwa na sauti ya muuguzi, ya ujana kidogo.

"Mama yangu anazikwa kesho," ulisema. "Nipeleke."

Ukafuata mwingine. "Gari lilikuwa zima. Jioni ile ulikwenda nalo kutazama mpira."

Miaka kumi na tisa iliyopita, msiba ulipotokea ng'ambo ya mlima, mzee alisema gari litachemsha mlimani. Lilikuwa halijawahi kuchemsha hata siku moja. Muuguzi hakubishana, alimeza maneno yake, na kuanzia wiki ile gari likaanza kuchemsha kweli.

Rejeta alisubiri mvuke uishe. Alishakutana na rejeta mbaya kuliko hiyo.

"Kutu nyingi," alisema.

"Maji ya bomba hayo," mzee alijibu, akikagua tairi ambalo halikuwa na kasoro.

Fundi alifunga rejeta kubwa zaidi, pampu, mipira mipya ya maji, thamostati na feni ya umeme, akajaza maji maalumu ya kijani. Mwisho akaongeza chupa ya plastiki, ambayo gari halikuwahi kuwa nayo.

"Na hii?" muuguzi aliuliza.

"Ya akiba, mama. Joto likipanda, maji yanapata pa kwenda. Yakipoa, yanarudi."

Walipanda mlima mchana wa jua kali. Muuguzi hakuondoa macho kwenye mshale wa joto, nao ulitulia katikati hadi kileleni. Hapo akashusha pumzi, akacheka peke yake, machozi ya furaha yakamtoka. Walifika saa kumi. Mtoto alizaliwa saa kumi na moja na robo, mikononi mwa bibi yake.

"Nilijua utakuja," binti alisema.

Mzee alisimama mlangoni akipokea pongezi. "Gari ni matunzo," alimwambia mkwewe. "Mwaka ule wa msiba lingetuacha njiani. Bora hatukwenda."

Muuguzi alimfunika mjukuu vizuri, akambusu kwenye paji la uso. Hakutaka kuiharibu siku hiyo. Nje, chini ya boneti, maji kwenye chupa yalipanda vidole viwili.

Asubuhi muuguzi alitoka na kikombe chake cha chai, akafungua kifuniko cha chupa, akaisikiliza sauti yake mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akakaza kifuniko kwa ajili ya safari ya kurudi.