Ndoo Sita za Maji

Mtaani kwetu Chicago, theluji ikishaanguka, barabara si ya serikali tena. Ukipiga koleo mpaka mgongo ukalia, ukapata nafasi ya kuegesha gari, nafasi hiyo ni yako mpaka jua la Machi. Ukiondoka, unaweka kiti kibovu cha jikoni katikati, na mwenye akili zake hakigusi. Anayekigusa na kuegesha hapo, gari lake humwagiwa maji yagande juu yake. Baba yangu alimfanyia mtu hivyo, nami nikakua nikijivunia. Nasema mapema ili mjue mimi ni mtu wa namna gani.

Naitwa Emil Pavlik, fundi wa mabasi. Jirani yangu Denise anaishi na binti yake Marcy, wa miaka kumi, ambaye tangu kuzaliwa miguu haimtii na maneno humtoka polepole. Kiti chake cha magurudumu kwenye theluji ni kama toroli kwenye matope. Greda likisafisha barabara, linaacha ukuta wa theluji mlangoni kwao, na wengine hupunga mkono wakapita. Mimi natoka na koleo. Koleo likishindwa, nambeba Marcy mgongoni.

Januari ile Marcy alikuwa na operesheni ya nyonga, Alhamisi saa moja asubuhi. Waliisubiri miezi minane. Nyonga ilikuwa inataka kuchomoka, na ikiwahiwa, daktari alisema, mtoto angeendelea kusimama akishika meza wakati mama yake anamvalisha koti. Ndiko kusimama pekee alikokujua, na alikupenda.

Jumatano jioni nilirudi kutoka kazini nikakuta gari nisilolijua kwenye nafasi yangu, niliyoichimba siku mbili. Kiti changu hakipo. Ng'ambo ya barabara, Russ alikuwa anakwangua kioo cha gari lake.

"Emil! Leo wamekuvua suruali hadharani!"

"Ni la nani hili?"

"Nijuaje? Kiti chako wameshakipikia chai. Baba yako angekuwa hai angehama mtaa."

Damu ilinipanda. Nikaenda kuegesha mitaa miwili mbele, nikarudi, nikaingia kwa mlango wa chini ya nyumba kulikokuwa na bomba. Ndoo sita. Nililenga vitasa, nikalenga reli ya mlango wa ubavuni. Maji yaliganda kabla hayajafika chini. Nisidanganye, niliona raha sana.

Mke wangu Lorraine alirudi kutoka kanisani nikiwa nakula.

"Umeona nimempa Denise nafasi yetu?" akasema, akivua buti. "Gari lake limekufa, parokia imemwazima lile lenye ubao wa kushushia kiti. Nilikuachia karatasi hapo kwenye friji."

Karatasi ilikuwepo kweli. Sikuwa nimeitazama.

"Nimeona," nikasema.

Hasira, hasara. Lakini hasara yenyewe ilikuwa bado inazuilika. Ilikuwa saa mbili tu; ningegonga mlango wa Denise, nikasema ni mimi, tukapata usiku mzima wa kuyeyusha. Nikaona aibu. Mzee mzima, unaanzaje kusema? Nikajiambia nitaamka saa kumi alfajiri, nivunje kimyakimya, asijue mtu.

Saa kumi barafu ilikuwa nene kama kidole. Nilikuwa nimefikia kitasa cha kwanza Denise alipotoka na begi la hospitali.

"Bwana Pavlik! Jamani, umeamka saa hizi kwa ajili yetu?" Kisha akaliona gari. "Mungu wangu. Nani mwenye roho hii?"

"Washenzi," nikasema.

Tulivuta waya wa umeme, tukapuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ya Lorraine. Saa kumi na mbili mlango wa ubavuni ulikuwa bado umeshikana. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, kitasa kikakatika kikabaki mkononi. Nikakimbia kuleta gari langu. Tulipomkunja Marcy aingie, bila kiti chake cha kumshikilia, alipiga ukelele nisiotaka kuusikia tena, tukamrudisha ndani. Teksi ya viti vya magurudumu ilisema labda mchana. Hospitali ikasema nafasi nyingine ni Mei.

Aprili nyonga ikatoka kabisa. Mei wakampasua, wakaunga walivyoweza, na Marcy hajasimama tena. Daktari alisema huenda ingetoka tu hata kama wangewahi. Neno hilo "huenda" nimelilalia mwaka mzima, na halinipi usingizi.

Denise naye hachoki. Dukani, kanisani, kila mahali: "Emil alikuwa nje alfajiri, kwenye baridi ile, kwa ajili ya mwanangu." Watu wananipiga bega. Russ peke yake hucheka akinitazama, nami namchukia kwa hilo.

Desemba iliyofuata greda lilipita tena. Nilimbeba Marcy kuvuka ukuta wa theluji, mama yake ametangulia kuwasha gari. Amekuwa mkubwa, kidevu chake kilikuwa begani kwangu.

"Bwana Emil," akasema. "Maji... ni wewe. Nilikuona."

Theluji ilinifika magotini.

"Umemwambia mama?"

"Hapana."

"Kwa nini, mwanangu?"

Alihangaika na maneno yake, mate yakimtoka, nami nilisimama nikingoja kama mtu anayengoja hukumu.

"Nani... atanibeba?"

Denise aligeuka akaniuliza kama mtoto amekuwa mzito. Nikamwambia hapana, tunakuja.