Wino Kwenye Kidole Changu

Nilipoamka, kidole gumba changu cha kulia kilikuwa na wino wa zambarau. Jana hakikuwa nao. Mimi Amoding sijui kuandika, na wino kwenye kidole changu maana yake ni moja: kuna karatasi niliyoikubali.

Karatasi yenyewe niliijua: ya kukubali kupasuliwa. Jana daktari alinieleza kwamba uvimbe wa tumboni umeshaenea hadi kwenye ini. Akinipasua, huenda nikapata miezi michache, au nisiamke kabisa. Nilimjibu hapana, kwa Kiteso na kwa Kiswahili. Nilitaka kufia kwangu Adungosi. Kisha nikachomwa sindano ya maumivu, nikalala fofofo.

Sasa nesi Auma alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu kuja kwangu.

"Twende thieta, mama. Si ulikubali?"

"Nani alikubali?"

Mwanangu Emukule alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Yeye ni ajenti wa forodha mpakani Malaba. Dereva akilala kwenye foleni, Emukule humpaka wino kidoleni, humbonyeza kwenye fomu, na lori hupata kibali cha kuvuka, dereva mwenyewe bado anakoroma. Alijisifia ujanja huo nyumbani kwangu, nami mjinga nikacheka.

"Emukule, mimi ni lori?"

"Mama, utakufa."

"Najua. Na ni mimi nitakufa, si wewe."

Auma akanishika mabega. Nikang'ang'ania chuma cha kitanda. Daktari aliingia, nikamwambia tena hapana. Akamgeukia mwanangu, karatasi mkononi.

"Mgonjwa akiwa na maumivu husema mengi. Boss, hii alama aliweka mwenyewe?"

Hapo niliogopa kuliko ninavyoogopa kaburi. Tumbo langu lilikuwa mdomoni mwa mtu ambaye kazi yake ni kuwaambia maofisa ndiyo.

Emukule aliinua macho kutoka viatuni.

"Hapana, daktari. Alikuwa amelala. Niliweka mimi."

Daktari aliichana karatasi, akatoka. Emukule akapiga magoti, akatemea mate pindo la shati, akaanza kunisugua kidole huku akilia. Wino haukutoka.

"Naogopa, mama."

"Hata mimi naogopa," nikamwambia. "Wacha kusugua. Nishike mkono kidogo, halafu uende utafute gari la kunipeleka nyumbani."