Farasi wa Kapteni Upmalis na Wengine Kumi na Mmoja

Jumatatu moja ya Machi 2014, saa mbili asubuhi, Ritah aliweka albamu ya Kapteni Žanis Upmalis juu ya meza ya karakana ya fremu huko Al Quoz, Uarabuni, akatia wembe mpya kwenye kisu chake. Mkahawa mmoja uliokuwa ukingoja kufunguliwa ulitaka picha za Wazungu wa zamani ukutani, moja kwa kila meza, na meza zilikuwa kumi na mbili. Gari la kuzichukua lingefika saa kumi.

Albamu ilinunuliwa mnadani Riga, pamoja na karatasi ya maelezo. Ritah aliisoma akinywa chai. Kapteni alikuwa ofisa wa jeshi la Latvia. Juni 1941 yeye na familia yake walikamatwa na Wasovieti, wapelekwe uhamishoni. Yeye akapakiwa behewa moja, mkewe Hermīne na watoto wao, Ilga na Juris, behewa jingine. Hawakuonana tena.

Alibandua picha ya kwanza, Kapteni juu ya farasi. Alipogeuka kuchukua fremu na kurudi, farasi alikuwa peke yake. Kapteni alikuwa ukurasa uliofuata, kwenye picha ya harusi, kando ya Hermīne, na theluji kwenye buti.

"Mzee Himid," Ritah aliita, "huyu amehama."

Himid, Mzanzibari aliyekata fremu hapo miaka ishirini, alivaa miwani. "Kahama kweli. Endelea, mwanangu. Gari halingoji mtu."

Kila picha ilipobanduliwa, waliokuwamo walikimbilia nyingine. Bibi mmoja alitoka bustanini na kiti chake. Ilga alitoka ziwani, nywele zikichuruzika maji. Kufikia adhuhuri wote walikuwa wamesongamana kwenye picha moja, juu ya ngazi za nyumba ya mbao, bega kwa bega, wameshikana mikono. Kwingine kote kulibaki theluji, ziwa na meza iliyoandaliwa.

Bosi wao, waliyemwita arbab, alirudi kutoka kula akazitazama.

"Mteja anataka sura. Ziwa hataki."

"Sir, hawataki kuachana."

"Nani anataka?" alisema arbab, bila ukali. "Mke wangu yuko nyumbani Kerala, mwaka wa sita huu. Hapa wako kumi na mmoja. Na farasi, kumi na mbili. Wakate, khalas, kazi iishe."

Ritah alikuwa na watoto wawili, mmoja Masaka kwa bibi yake, mwingine Jinja kwa shangazi. Aliweka rula. Kisu kilipokaribia, Hermīne alimvuta Juris kwenye sketi yake, na Kapteni akaja mbele ya wote, mkono kiunoni, pale ambapo sasa hapakuwa na bastola. Rula ilipohamishwa, nao walihama. Ikafika saa tisa.

"Nikukatie?" Himid aliuliza.

"Hapana, mzee. Mkono wako mzito."

Aliinama, akawaambia kwa Kiganda, kwa kuwa Kilatvia hakukijua, kwamba hatagusa uso wa mtu. Walisikiliza. Kapteni alivua kofia, wakatulia.

Aliwakata mmoja mmoja, jasho likimtoka puani. Walibaki Hermīne na Juris, na mtoto hakuachia mkono wa mama. Ritah alingoja. Nje dereva alipiga honi mara mbili. Hermīne alimtazama Ritah, kisha akanyoosha mkono wake, ukakaa sawa kwenye rula, ili kisu kipite kifundoni.

Jumatano Ritah alipelekwa mkahawani kutundika. Juris alipangiwa meza ya nne, jirani na jiko, ameshika mkono wa mama yake ulioishia kwenye kifundo cha mkono. Hermīne alipangiwa ukuta wa pili, nyuma ya nguzo.

"Madam," Ritah alimwambia meneja, "huyu mama tumlete hapa, akae karibu na mtoto."

Meneja alitazama mkono, akatazama karatasi yake. "Najua, dada. Lakini mpangilio umeshapitishwa."

Ritah alipigilia msumari wa Hermīne nyuma ya nguzo, pale palipowekwa alama, akanyoosha fremu isiende upande.