Kisima Tulichokificha Itobela

Ninyi ambao lori bado halijafika kwenu, someni haya kwanza. Mimi nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini ndimi niliyekiandika kijiji chetu mpaka kikahamishwa, na nina hasira na kila aliyekuwepo siku ile ya kuandika, nikianza na mimi mwenyewe.

Itobela kilikuwa na nyumba thelathini na moja, kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa nusu siku kutoka Goweko. Wapagazi wa pembe za ndovu walilala kwetu. Msingi wa tembe la Mwarabu mmoja upo mpaka leo, na ua wake wa minyaa umekuwa msitu. Lakini mali yetu hasa ilikuwa kisima. Kirefu, kimejengewa mawe, hakikauki hata mwezi wa kumi. Ukipita hukioni. Tulikifunika kwa magogo na matawi ya miiba, tukateka alfajiri kwa zamu, bila kelele. Wazee walifunzwa na shida: msafara wa watu mia tano ukijua penye maji, unakunywa mpaka tope, kisha unaondoka, wewe na watoto mnabaki midomo mikavu. Basi mgeni akiuliza maji, jibu ni moja: hakuna.

Misafara ilikwisha zamani. Jibu halikwisha.

Mwaka huu, mwezi wa sita, alikuja Ndugu Lukumani, afisa, kwa baiskeli, na fomu. Akasema kila kijiji kieleze historia yake na vitu kilivyonavyo, ili wakubwa waamue kipi kibaki pale kilipo na kipi kihamie kijiji cha Ujamaa. Alitaka wananchi tuandike wenyewe. Mkwe wangu, Mzee Bundala, balozi wetu wa nyumba kumi, akaniita mimi.

"Maji mnayo?" Lukumani akauliza.

"Maji gani, mwanangu? Sisi watu wa kiu tu," akajibu Mzee Bundala. Watu wakacheka chini chini.

"Sasa mnakunywa nini?"

"Umande!"

Nikamnong'oneza mkwe, "Baba, huyu si msafara. Tukisema hakuna maji watatuhamisha."

"Mama Maua, wewe umezaliwa jana. Andika."

Nikaandika: hakuna maji. Kwa mwandiko safi wa shule, tena nikapigia mstari. Maua wangu alikuwa na miezi minane, amelala mgongoni, nami nikamwogopa mkwe kuliko nilivyomhurumia mtoto.

Mwezi wa tisa lori likaja. Wanamgambo wakapanda juu ya nyumba, wakaanza kung'oa mapaa. Nilimshika Lukumani shati, nikamvuta mpaka kwenye ile miiba, nikaiondoa kwa mikono mitupu. Nikateka ndoo.

"Maji haya, ndugu! Onja!"

Akaonja. "Matamu," akasema. Kisha akatoa karatasi mfukoni. "Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo?"

"Leo umeyanywa! Yako tumboni mwako!"

"Dada, ramani imeshachorwa. Nikamwambie nani kwamba nimekosea?"

Hivyo tu. Akafuta mdomo, akarudi kwenye lori.

Na mkwe wangu? Paa lake liko chini, yeye ananifokea mimi: "Umemwonyesha mgeni kisima!" Tulipokuwa tunafunga vyungu, yeye na wazee wawili wakakijaza mawe na udongo wa kichuguu mpaka juu, eti wageni wasije wakakifaidi. Wageni gani? Sisi wenyewe ndio tuliorudi na majembe baada ya mwezi, tukachimba siku mbili, tukashindwa.

Sasa tuko mbugani, kwenye udongo mweusi. Nyumba zimepangwa mstari mmoja kama askari wa gwaride. Wakubwa walipapenda kwa sababu hapakuwa na miti ya kukata. Mvua imeanza, maji yameingia mpaka kitandani, lakini ya kunywa ni ya dimbwi, tunagombea na ng'ombe. Nachemsha, kuni mbichi, moshi mtupu. Hii ni wiki ya pili Maua anahara damu.

Kwa hiyo nasema, hasa na ninyi wanawake mliosoma kidogo kama mimi, mtakaopewa kalamu: afisa akija, mpelekeni kisimani kabla ya kumpa kiti. Anyweshwe mbele ya watu, na iandikwe siku ileile. Mkwe akikataza, mkatalieni. Atanuna wiki nzima, kisha atapoa. Fomu haipoi.

Tangu jana Maua hashiki titi. Mzee Bundala anasema tungoje dawa ya mizizi, anayeijua yuko safarini. Singoji. Kukipambazuka namfunga mgongoni, tunakwenda zahanati Goweko kwa miguu, na ruhusa simwombi mtu.